Jivu la Pingili Mbili

Jivu la biri ya Fundi Makochi halijawahi kuanguka bila ruhusa yake. Hayo si maneno ya mtaani, ni yake mwenyewe, na siku ile aliyasema akiwa amesimama katikati ya sebule yake, kifua mbele, kama mtu anayetangaza mpaka wa nchi.

"Tangu nianze kuvuta," alisema, "jivu langu linaanguka pale ninapoliambia lianguke. Kabla sijaliambia, linakaa. Linatulia. Lina adabu kuliko baadhi ya mashemeji."

Shemeji aliyelengwa, mdogo wa mkewe, alikuwa kwenye kistuli karibu na dirisha, akicheka kwa pua. Kazi yake kutengeneza friji. Alikuwa amekuja na kigari chake kumbeba mama yake jioni, na hakuja mikono mitupu: alileta biri mbili alizopewa na mteja mwenye furaha. Si hizi sigara za karatasi zinazovutwa na kila mtu kituoni. Biri hasa, majani makavu ya tumbaku yaliyosokotwa yakasokoteka, nene kama kidole gumba cha mbeba magunia, harufu yake inakuingia puani kabla hujaona kiberiti. Yake alishaiwasha. Na kila akivuta mara moja, anaigonga kwenye kisahani: tok. Anavuta, tok. Anavuta, tok.

Hiyo tok ndiyo iliyokuwa ikimla Fundi Makochi nyama.

"Shemeji, hivi hiyo biri imekukosea nini?"

"Nini tena, shem?"

"Unaidonoa kama kuku aliyeona punje! Biri haigongwi. Sigara ndiyo inagongwa, kwa sababu haina ukoo. Biri unaliacha jivu lijijenge. Lifike pingili ya kwanza ya kidole cha shahada, hapo ndipo unalilaza kwenye kisahani, taratibu, kama unamlaza mtoto mchanga aliyekusumbua. Jivu likiwa refu, moshi unapoa. Ukilikata kila saa, kaa linabaki uchi, moshi unakuja wa moto, ulimi unaungua, halafu unatangaza biri mbaya. Biri mbaya! Mvutaji ndiye mbaya!"

"Moshi unapoa?" Shemeji alimtazama kwa huruma. "Shem, humu ndani nani fundi wa baridi? Mimi nakula kwa baridi, nimejenga kwa baridi. Ingekuwa jivu linapoza, ningekuwa najaza majivu kwenye friji za watu. Jivu ni uchafu unaosubiri mahali pa kumwagikia, basi." Tok.

"Usinigongee hivyo nyumbani kwangu!"

"Si kisahani chako? Kipo kwa ajili gani? Kunywea chai?"

Fundi Makochi alivuta pumzi ndefu ya mtu aliyeonewa. Maana kuonewa ndiko alikokujua vizuri. Alikuwa akionewa na wateja wanaotaka kochi la watu watano kwa kitambaa cha watu watatu, akionewa na mvua, akionewa na misumari inayopinda. Lakini kuonewa na fundi friji, sebuleni pake, juu ya jambo analolijua kama anavyojua nyundo yake! Hapana. Hilo lilikuwa jipya.

Na hebu tuseme ukweli, siku yenyewe haikuwa ya kumchokoza. Nyuma yake, chini ya dirisha, kilikuwepo kile kiti.

Kiti cha mama mkwe. Alikianza mwenyewe kuanzia mbao, akafunga springi, akapanga sponji, akakivika mahameli ya rangi ya damu ya mzee, kikawa kiti ambacho ukikitazama tu mgongo unapumua. Mama mkwe alikuwa na mgongo unaomsumbua, kweli, lakini sababu kubwa ya kile kiti haikuwa mgongo. Miaka ile Fundi Makochi alipokwenda kuposa, mama yule alimtazama juu hadi chini, akamwambia binti yake, wala hakunong'ona: "Huyu atashona viti vya watu, nyumbani mtakaa kwenye ndoo."

Ndoo! Neno hilo limekaa kooni mwa Fundi Makochi kama mwiba wa samaki tangu siku ile. Na kwa bahati mbaya wakati wanaanza maisha walikaa kwenye ndoo kweli, mbili, moja ya bluu. Sasa kiti kilikuwa tayari. Jioni hiyo kingepanda kigarini pamoja na mwenyewe, na mama angekaa juu yake kwake huko, mbele ya wageni wake, na wageni wangeuliza, na angelazimika kusema: amenitengenezea mkwe wangu. Fundi Makochi alishaisikia hiyo sentensi kichwani mara nyingi kuliko alivyosikia jina lake.

Wiki nzima alikuwa akiifundisha nyumba namna ya kukigusa. "Mahameli ina njia yake," alikuwa akimwambia mkewe, akishuka na kiganja. "Kama manyoya ya paka. Ukienda nayo, rangi inakolea. Ukienda kinyume, inapauka, inakuumbua palepale. Unaona? Hapa giza, hapa nuru. Mafundi wengine wanavalisha juu peke yake, chini ya mto wanaweka gunia. Mimi nimevalisha juu na chini. Mahameli tupu!"

"Nimeona," mkewe alikuwa akijibu. "Nimeona jana, nimeona juzi. Nikiota usiku naona."

Sasa mama mwenyewe alikuwa amejinyoosha chumbani baada ya chakula cha mchana, nyuma ya pazia la mlango, na Shemeji alisimama, biri mdomoni, akaenda kukibonyeza kile kiti kwa kiganja.

"Toa moshi wako hapo!" Fundi Makochi aliruka. "Na hizo cheche zako!"

"Tulia, shem, napima springi." Alirudi kwenye kistuli. "Kizuri. Nakupa heshima yako. Sasa sikia. Wewe si mwalimu wa majivu? Washa yako. Kaa hapohapo kwenye kiti cha mama. Lifikishe jivu pingili mbili. Si moja, mbili. Likikaa, naacha kugonga mpaka naingia kaburini. Likianguka, usinifundishe tena kuvuta."

"Kwenye kiti cha mama?"

"Ala! Si jivu lenye adabu?"

Hapo mkewe Fundi Makochi alikuwa ameshafika mlangoni, kitambaa cha kufutia vyombo begani. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, lakini kila moja lilikuwa na mizani yake.

"Mume wangu, usikae hapo na moto."

"Unaniogopea?"

"Nakiogopea kiti."

Hilo ndilo lililommaliza. Angeogopewa yeye, angesamehe. "Yaani mke wangu," alisema, sauti imepanda mpaka kwenye dari, "kiti nimekitengeneza kwa mikono hii, na mikono hii haiaminiki kushika biri juu yake? Mimi ni mtoto? Nimeanza kuvuta jana? Nani ameshawahi kuona jivu langu chini, humu ndani? Aseme! Aseme sasa hivi!"

Mkewe alikunja kitambaa, akakikunjua.

"Haya. Kaa. Lakini nisikilize vizuri, na mdogo wangu awe shahidi. Humu ndani nimewavumilia na moshi wenu. Jivu la mtu yeyote likiunguza kiti cha mama, huyo mtu na biri yake, nje. Kule kwenye jiwe la kufulia. Na si leo tu. Mvua ije, jua lije, sebuleni humu havuti tena. Tumeelewana?"

"Mimi nimeelewa zamani," alisema Fundi Makochi, akiketi kama mfalme anayeingia kwenye picha yake. "Mwambie mdogo wako."

Akawasha.

Mwanzo mambo yalikwenda kama alivyosema. Jivu lilijijenga jeupe, limeshikana, mistari yake myembamba kama uzi wa mshono. Shemeji aliinamisha kichwa akilitazama, akasahau hata kugonga lake. Lakini friji ya jikoni, ambayo ilikuwa na tabia ya kunguruma kama mzee anayesafisha koo, ikachagua wakati huo kuanza.

"Njoo usikilize hii, mdogo wangu," mkewe alisema. "Au unatengeneza za watu tu?"

"Mnaondoka?" Fundi Makochi alishangaa. "Nani atashuhudia?"

"Likifika pingili mbili utuite," alisema Shemeji, akiilaza biri yake kwenye kisahani. "Na usiliunge kwa gundi!"

Wakaondoka. Akabaki na jivu lake.

Hebu mfikirie hapo. Mtu mzima, mgongo umenyooka, mkono hautikisiki, anapumua kwa pua moja kama mwizi aliye chini ya kitanda. Inzi alitua kwenye goti lake, akamwacha atembee. Jivu lilivuka pingili ya kwanza. Likaendelea. Moshi ulikuwa umepoa, mtamu, kama alivyosema, na kadiri ulivyokuwa mtamu ndivyo hasira ilivyozidi kumpanda, kwa sababu ukweli wote ule ulikuwa ukitokea sebuleni na wabishi wapo jikoni wanasikiliza friji! Ndivyo walivyo watu. Ukikosea wamejaa mpaka dirishani. Ukipatia, wana shughuli.

Alikipima kwa jicho kile kidole chake cha shahada. Pingili ya pili. Imefika! Imefika kabisa, imezidi na unene wa ukucha!

"NJOONI MUONE!"

Aliita kwa kifua chote, kifua cha mtu aliyekalishwa kwenye ndoo. Kifua kikapanda, mkono ukafuata kifua, na jivu, lenye adabu zake zote, likaondoka.

Liliangukia katikati ya mapaja yake, ukingoni mwa mto wa kukalia, likapasuka. Na halikuwa limekuja peke yake. Kwa ndani lilibeba punje ya kaa jekundu.

Fundi Makochi aliruka kama aliyekalia nge. Akajipiga paja, akapuliza, akajipiga paja tena, akacheza ngoma ambayo haijawahi kuchezwa popote, bila sauti, midomo imebanwa. Akaikwangua ile punje ya moto kwa kucha. Pakabaki tundu. Dogo, kama choroko, jeusi ukingoni, linafuka uzi mmoja wa moshi. Kwenye mahameli ya damu ya mzee. Kwenye kiti cha mama mkwe.

"Tunakuja!" sauti ya Shemeji ilitoka jikoni. "Nafunga kifuniko!"

Pazia la chumbani lilicheza kidogo. Upepo.

Kichwa cha fundi mzuri hakifikiri, mikono ndiyo inafikiri. Mikono iliuchomoa mto kwenye fremu, ikaugeuza chini juu, ikauingiza tena, ikausukuma pembe zake zikakaa. Mahameli juu na chini, alisema nini? Ikakusanya vipande vya jivu kutoka sakafuni, ikavimimina kwenye kisahani. Walipoingia, Fundi Makochi alikuwa amekaa, mguu juu ya mguu, biri yake safi, na uso wa mtu aliyechoka kusubiri.

"Mmechelewa," alisema. "Lilifika pingili mbili, likazidi. Nimelilaza. Lipo hapo, nendeni mkaage maiti."

Shemeji aliinamia kisahani. "Hili limelazwa?"

"Kwani unaona nini?"

"Naona unga, shem. Jivu lililolazwa linalala mzimamzima kama kiwavi. Hili limepigwa."

"Sasa unaniita mwongo?" Alisimama. "Unakula nyumbani kwangu, unanywa nyumbani kwangu, unaniita mwongo nyumbani kwangu? Nimekaa hapa kama sanamu mpaka mgongo umekufa ganzi, nyie mko jikoni mnacheka na friji, halafu mnakuja kunipimia maiti ya jivu!"

Hakupaswa kusimama. Laiti angebaki amekaa angekuwa amekaa mpaka leo. Mkewe hakuwa akisikiliza kelele, alikuwa akitazama kiti.

"Mbona hapa pamepauka?"

"Wapi?"

"Mto. Mgongo wa kiti una giza, mikono ina giza, mto una nuru." Akapitisha kiganja kuelekea mbele, kama alivyofundishwa wiki nzima. Mahameli ikasimama, ikapauka zaidi. Akapitisha kurudi nyuma, ikakolea. "Manyoya yanaangalia nyuma. Asubuhi yalikuwa yanaangalia mbele."

Fundi Makochi alisikia jasho likishuka. Kile kipande cha chini! Kitambaa kilikuwa kimebaki kidogo, akakikata kwa kukigeuza ili kitoshe, akajiambia chini nani ataona. "Ni mwanga wa dirisha," alisema.

Mkewe alinusa. Akauchomoa mto, akaugeuza.

Tundu likawatazama wote watatu.

Mbele ya mtu mwenye akili ya haraka palikuwa na njia mbili. Moja ilikuwa fupi na inauma. Fundi Makochi alichagua nyingine, na alivyoichagua, aliichagua kwa hasira, kwa sababu hasira ndiyo iliyokuwa karibu.

"Haya!" alifoka. "Mmelitafuta, mmelipata! Nilitaka kunyamaza. Nilikuwa nimeamua kufa na siri yangu. Mdogo wako alipoinama hapa kupima springi, biri mdomoni, nani alimwambia atoe cheche zake? Si mimi? Nimekaa, nikaona tundu. Nikasema, huyu ni shemeji yangu, ni mtoto wa mama. Nikaugeuza mto nimfichie aibu mbele ya mama yake. Malipo yangu ndiyo haya? Naambiwa mwongo? Mimi!"

Na ajabu ni kwamba kufikia neno la mwisho macho yake yalikuwa na machozi ya kweli. Alikuwa ameshaanza kujihurumia.

Shemeji alifungua mdomo. "Mimi? Shem, nilibonyeza tu. Wala sikugonga pale."

"Wewe ambaye hupumui bila kugonga?"

"Dada, wallahi..."

Dada yake alilitazama tundu, akamtazama mdogo wake, akaitazama ile biri kwenye kisahani, imezungukwa na vumbi la gongagonga zake zote. Ushahidi wa tabia una nguvu. "Mdogo wangu," alisema taratibu, na utaratibu huo ulikuwa mbaya kuliko makelele. "Kiti cha mama."

"Dada, si mimi."

"Nilisema nini? Nje. Chukua na biri yako. Na ukija tena nyumba hii, ukitaka kuvuta, jiwe la kufulia unalijua."

Shemeji aliichukua biri yake. Hakuwa na utani tena, uso wake umemshuka kama turubai lililokatwa kamba. "Mama nitamwambia nini kigarini?" aliuliza, hata haikueleweka anamuuliza nani. "Njia nzima atakuwa anaamini nimemuunguzia."

Kitu kilimchoma Fundi Makochi kifuani, kidogo, kama choroko. Alikipuliza kikazima. "Mwambie ukweli," alisema, akiketi kwenye mkono wa kiti kwa heshima ya mtu aliyesamehe. "Ukweli haumwangushi mtu. Mto mimi mwenyewe nitautia kiraka, hataona mshono. Lakini watu mjifunze. Biri haigongwi."

Pazia la chumbani lilifunguliwa.

Mama mkwe alitoka miguu mitupu, mkono mmoja kiunoni penye maumivu, na hakuonekana kama mtu aliyeamshwa. Fundi Makochi aliruka kutoka kwenye mkono wa kiti. "Mama, shikamoo. Tumekusumbua usingizi."

"Marahaba, baba. Sikuwa nimelala." Alimtazama mwanawe aliyesimama mlangoni na biri yake, kama mtoto aliyerudishwa kutoka shuleni. "Wewe rudi ukae."

"Mama," binti yake alisema, "kiti chako..."

"Nimesikia." Alipapasa mahameli kwa nyuma ya vidole, kwa njia yake, ikakolea. "Kiti kizuri. Ningesema tangu asubuhi, nikaona mkwe wangu anakisifu vya kutosha, nisimnyang'anye kazi." Halafu akamgeukia Fundi Makochi, na sauti yake ilikuwa ya upole kiasi kwamba heri angeitaja ile ndoo. "Baba, si uliita? Ulisema, njooni muone."

"Nili... ndiyo, mama."

"Nikaja. Mimi ndiye niliyekuwa karibu."

Friji ya jikoni ilinyamaza.

"Nikaona mama mkwe hapaswi kumtazama mkwewe akijipiga mapaja namna ile, nikarudisha pazia. Nikasema atasema mwenyewe. Nikasubiri." Alijishusha polepole kwenye kistuli cha mwanawe. "Paja linauma bado?"

Mkono wa Fundi Makochi ulikuwa umeshakwenda wenyewe kwenye suruali, ukafunika tundu jingine, ambalo hakuna mtu aliyekuwa amelitaja.